Tarikhi ya Utepe Uliogoma Kupanda

Sogeeni, enyi mnaopanda pikipiki kwenda sokoni, nanyi mnaozikimbia zikipita. Wekeni chini vikombe, zimeni redio, mwambieni mtoto anayelia asubiri kidogo, kwa maana habari hii haifai kusikilizwa kwa sikio moja. Nitanena juu ya vita vilivyopiganwa katika mji wa Gostawa, nchi ya Poland, ghorofani juu ya gereji ya matairi, vita ambavyo damu haikumwagika hata tone ila chai ilimwagika sana. Adui alikuwa utepe mmoja mwembamba, tena utepe usioshikika, uliochorwa ndani ya kompyuta, ambao kazi yake yote duniani ilikuwa kupanda juu. Nao ukakataa katakata kupanda.

Mimi ninayeandika nayajua haya kwa macho na kwa meno. Kwangu ni kona ya pili ya uwanja wa Gostawa, pale ambapo pikipiki zikipinda hutuletea udongo usoni, shingoni na ndani ya mifuko ya mbegu za alizeti, nasi tunatafuna vyote pamoja na kushukuru. Mtu asiyewahi kutema udongo Jumapili alasiri asije akanibishia juu ya spidwei, mbio hizi za pikipiki kwenye duara la udongo.

Basi alikuwepo Bogna Ratajczak, Bogna wa vidole vyepesi, mtawala wa kompyuta, mwanamke aliyeweza kuiamuru mashine nayo ikamtii, isipokuwa asubuhi za Jumatatu. Huyu aliapa kwamba atatengeneza mchezo wa spidwei wa kompyuta ulio wa kweli tupu: waendeshaji wanne, mizunguko minne, pikipiki zenye gia moja, zisizo na breki, zinazokunywa spiriti na kupinda kushoto, siku zote kushoto, gurudumu la nyuma likiteleza upande kwa fahari. Michezo ya namna hiyo ilikuwepo madukani, naye aliidharau yote, kwani katika mmoja aliona kitufe cha breki. Alipokiona aliizima kompyuta, akavaa koti, akatoka nje kupunga hewa.

Ubavuni pake alisimama Gracjan, bwana wa rangi, ambaye alichora kila bango, kila kofia ya chuma na kila wingu, kijana mwema asiye na doa ila moja: alizaliwa Rudnica. Rudnica ni mji wa jirani, na timu yao inaitwa Nguruwe Mwitu, na kwa adabu sitasema zaidi. Sisi ni Korongo.

Na juu ya hao wawili aliketi mwamuzi wa kweli na uongo, mwenye gereji, Mjomba Zenon, kaka wa mama yake Bogna, Zenon mvunja mabega yake mwenyewe, aliyekuwa mpanda spidwei wa Korongo enzi ambazo makoti ya ngozi yalikuwa yanakwaruza. Usukani wa pikipiki yake ya mwisho ulikuwa umefungwa kwa bolti kwenye meza ya Bogna, pamoja na klachi yake na nyaya kuelekea kwenye kompyuta. Kila akimaliza kubadilisha tairi la mteja alipanda ngazi, akafuta mikono kwenye suruali, akakamata usukani ule na kutoa hukumu.

"Hapa gurudumu linateleza kama sabuni," alisema siku ya kwanza. "Pikipiki haitelezi hivi, mpwa wangu. Inateleza kwa hasira."

"Sasa mjomba, hasira naiingizaje kwenye kompyuta?"

"Hilo ni lako. Mimi nimekuja kuendesha."

Na Bogna akaiingiza hasira. Akaingiza pia udongo unaokauka juani na kulainika baada ya kumwagiwa maji, injini inayokohoa asubuhi ya baridi, hata upepo wa kona ya pili. Zenon akawa hasemi kitu tena ila "mh," na "mh" ya Zenon ni cheti kikubwa kuliko vyeti vingi.

Lakini msidhani mzee huyu alipanda zile ngazi kwa mapenzi ya kompyuta. Alikuwa na jeraha, na si la bega.

Miaka mingi nyuma, katika pambano la watani wa jadi, Gostawa na Rudnica, pointi zikiwa sawa na mbio zikiwa zimebaki moja tu, Zenon alikwenda kwenye mstari wa kuanzia akiwa na mji mzima mgongoni. Mbele ya waendeshaji huwekwa utepe, na sheria ni nyepesi: utepe ukipanda, nenda, ukiugusa kabla haujapanda, umefukuzwa. Zenon aliugusa. Tena angeugusa kwa ukucha tungenyamaza. Yeye aliuvunja, ukamzunguka shingoni, akarudi kwa miguu mbele ya majukwaa yote akiwa ameuvaa kama bibi harusi. Rudnica wakashinda. Majira ya kuchipua yaliyofuata alianguka mazoezini, daktari akampiga marufuku, basi ikawa jambo la mwisho ambalo mji ulimwona akilifanya uwanjani ni lile. Tangu hapo jina lake halikuwa Zenon. Alikuwa Zenek Utepe: kwa muuza nyama, kwa posta, kwa watoto ambao siku ile hata baba zao hawakuwa wamezaliwa. Padri aliwahi kuteleza ulimi akamwita hivyo kanisani. Zenon alicheka pamoja na wote, na wote tuliona kwamba kicheko kilikuwa kinamwuma.

Kwa hiyo mwenyekiti wa klabu, Bi Ludwika, alipokubali kwamba siku ya pambano na Rudnica mchezo wa Bogna uonyeshwe kwenye skrini kubwa ya uwanja, mbio moja tu, mtu mmoja dhidi ya waendeshaji watatu wa kompyuta, Bogna hakufikiri mara mbili nani awe mtu huyo.

"Mjomba, utaondoka kwenye mstari mbele ya watu wote," akamwambia. "Utaondoka safi."

Zenon akaukamata usukani, akaanza kuupangusa kwa mkono wa shati.

"Lakini ukiharibika huo mchezo wenu," Bi Ludwika alionya, "nawaleta wale wanaovaa manyoya ya korongo wacheze ngoma. Siwezi kuwaacha watu wanatazama skrini nyeusi. Tena na Zenek Utepe amekaa mbele yake, jamani! Watamla mzima."

Ndipo, enyi wasikilizaji, adui alipotokea.

Mpanda spidwei akifika kwenye mstari hatulii. Huanza kuchimba. Kwa buti lake hukwangua udongo laini wa juu, hutafuta udongo mgumu chini yake, hutengeneza mfereji mdogo wa kuegemeza gurudumu la nyuma, kwa kuwa aliye na mfereji mzuri ndiye anayechomoka. Zenon alikuwa amemhubiria Bogna somo hili kwa wiki nzima, akikwangua sakafu ya gereji kwa kiatu, na Bogna akawafundisha waendeshaji wake watatu wa kompyuta kila alichofundishwa. Aliwapa uchu wa udongo mgumu. Aliwapa jicho la kuchungulia mfereji wa jirani. Halafu akaweka na sheria ya kweli, kwamba mwamuzi hapandishi utepe mpaka wote wanne wawe wametulia.

Wakaja mstarini. Wakachimba. Wa kofia nyekundu akamchungulia wa kofia ya bluu, akaona mfereji wa mwenzake ni mzuri zaidi, akasogea, akachimba upya. Wa bluu kuona hivyo akaingiwa na wivu, akachimba naye. Wa njano alikuwa hajanyanyua kichwa tangu afike. Utepe ukaning'inia pale umetulia tuli, chai ikapoa, Bogna akasubiri, Gracjan akasubiri, na wale watatu wakaendelea kuchimba kwa bidii ambayo serikali yoyote ingeitamani kwenye barabara zake. Udongo wa Bogna ulikuwa wa kweli, kwa hiyo ulichimbika. Hatimaye zikabaki zinaonekana kofia tu.

"Tukiwaacha hadi jioni watatokea Rudnica," alisema Gracjan.

"Wakitokea Rudnica watakuwa wamepata hasara," alijibu Zenon. "Bogna, washushie ngazi hao."

Shambulio la kwanza, Bogna alikwenda na saa. Sheria ya spidwei inatoa dakika mbili za kujiandaa. Asiyekuwa tayari, nje. Akaiweka saa hiyo, akampa mjomba wake usukani. Wale watatu wakachimba, na Zenon, mtu wa fani, hakuweza kukaa bure mwenzake anachimba, akabonyeza kitufe cha buti akachimba naye. Dakika zikaisha. Taa nyekundu zikawaka zote kwa mpigo, wakafukuzwa wote wanne, na sauti ya mtangazaji, iliyorekodiwa kwa furaha kubwa, ikatangaza kwamba mbio zimekwisha na hakuna aliyeshiriki.

Gracjan alicheka. Halafu akamwona Zenon, akaacha.

"Nimefukuzwa tena," alisema mzee, akiitazama ile taa. "Hata na kompyuta."

Shambulio la pili, Bogna alikwenda na upanga, akaukata uchu wenyewe. Akawaondolea buti. Wakaja mstarini, wakasimama watiifu wakiutazama utepe, utepe ukapanda vizuri sana. Na kwa kuwa hawakuwa wamechimba, magurudumu yakazunguka kwenye udongo laini, kisha yakang'ata ghafla, pikipiki zikasimama wima kwa gurudumu la nyuma, na mashujaa watatu wakalala chali wakitazama mawingu ya Gracjan, ambayo kwa kweli yalikuwa mazuri.

"Hii sasa ndiyo timu ya Rudnica," Zenon alisema.

"Mjomba Zenon, sisi msimu uliopita tuliwafunga nyinyi," Gracjan alimkumbusha.

"Nani kakuuliza wewe?"

Hapo ndipo kishawishi kilipoingia chumbani, nacho kiliingia kwa mdomo wa Gracjan. Alisogeza kiti karibu na Bogna, akashusha sauti.

"Sikia, dada. Kwa nini tunajitesa? Wape buti zao wachimbe. Halafu wewe ukichoka, pandisha tu utepe. Watachomoka. Nani atajua kwamba walikuwa bado wanatikisika? Watu watakuwa na soseji mkononi."

Bogna alishawishika, na mimi simlaumu. Pambano lilikuwa Jumapili, na hii ilikuwa Ijumaa. Vidole vyake vilikuwa tayari vimelala juu ya vitufe, na ilikuwa kazi ya mstari mmoja tu wa maandishi, akimaliza anywe chai yake ikiwa na moto mara moja kwa wiki.

Zenon akainuka. Alikuwa na spana ya magurudumu mkononi, na aliposimama na kuishika mbele ya kifua, yule mzee mfupi mwenye mafuta ya gari kwenye nyusi alionekana kweli kama jemadari.

"Wanangu," akanena, "nisikilizeni, maana sitasema mara mbili. Mimi nimeitwa Utepe miaka ambayo nyinyi mlikuwa bado mnanyonya. Nimeitwa Utepe na mke wangu akiwa amekasirika. Mnadhani siku ile nilikosea kwa sababu gani? Nilikuwa natikisika. Wenzangu walitulia, mimi sikutulia, ndiyo habari yote. Sasa mnataka kunipa mstari ambao mtu anaruhusiwa kutikisika? Huo si mstari, huo ni utapeli! Mkinipandishia utepe kwa huruma nitajua. Watu elfu wasijue, mimi nitajua. Afadhali ije hiyo ngoma ya manyoya."

"Mjomba, ikishindikana je?"

"Ikishindikana mimi ni Utepe. Nimezoea." Akaweka spana mezani taratibu. "Ila nisingependa kufa nikiwa Utepe, Bogna. Hilo nakwambia wewe tu. Huyu wa Rudnica aliyesikia, kasikia kwa bahati mbaya."

Gracjan akaitazama sakafu, na hakuzungumza tena juu ya kupandisha utepe.

Sasa sikilizeni jinsi msaada ulivyowajia, ukipanda ngazi na sufuria. Shangazi Bronka, mke wa Zenon, mwenye sauti ipitayo kuta, alikuwa ameita kutoka chini kwamba viazi viko tayari, na sisi watu wa pande hizi viazi vya kuchemsha na jibini laini lenye kitunguu hatuviachi vipoe. Aliita mara ya kwanza, akajibiwa "tunakuja." Akaita tena, akajibiwa hivyo hivyo kwa sauti ya chini kidogo. Bogna alikuwa anarekebisha kitu kimoja cha mwisho. Gracjan alikuwa anapaka kitu kimoja cha mwisho. Zenon alikuwa anakaza bolti ya usukani ambayo ilikuwa imekaza tangu mwaka jana. Mlango ukafunguka, Bronka akaweka sufuria chini, akanyoosha mikono yake yote miwili kama anafukuza bata, akawajia.

"Haya, mezani! Mbele, mbele! Wewe, brashi chini. Bogna, ondoa vidole hapo. Zenek! Zenek, nakuona! Acha hiyo bolti. Kaeni. Nimesema tulieni, sitaki kuona mtu anajitingisha hapa mpaka nimepakua!"

Na wote watatu, akili tatu kubwa kuliko zote za ghorofa ile, walisukumwa, wakapangwa, wakaketi, wakatulia kimya na uma mikononi.

Bogna alikuwa na kiazi karibu na mdomo. Hakikufika.

"Mjomba," alisema, "pale mstarini nani alikuwa anawatuliza?"

"Nani atutulize? Tulikuwa tunatulia wenyewe."

"Nyinyi? Wenyewe? Wewe umeshindwa kuacha bolti."

Bogna akaacha kiazi, jambo ambalo Bronka hakulipenda, akaenda kwenye kompyuta na kutafuta sauti za uwanjani alizozirekodi mwenyewe msimu uliopita. Si zile alizozisafisha ili injini zisikike peke yake, bali zile chafu, za mwanzo. Akazifungulia. Injini zikanguruma, sahani zikatetemeka, na katikati ya ngurumo ile ikasikika sauti ya mtu iliyokauka kwa miaka mingi ya kupiga kelele: "Mbele, mbele! Wa bluu, rudi kidogo! We mwekundu, inatosha kuchimba, utafika kwa wafu! Tulia! Tulia, nimesema!"

"Hieronim!" Zenon alipiga meza. "Mungu wangu, Hieronim! Msimamizi wa mstari! Kanisukuma bega hili maisha yangu yote, na mimi sikuwahi kumwona!"

"Yule mwenye koti la njano?" aliuliza Gracjan. "Lakini mimi nilimfuta kwenye picha zote. Alikuwa anaziba mabango."

"Na mimi nilimfuta kwenye sauti," alisema Bogna. "Nilidhani ni kelele."

Tafakarini ukubwa wa jambo hili. Walikuwa wameweka ndani ya mchezo ule kila punje ya udongo, na mtu pekee ambaye bila yeye hakuna mbio hata moja iliyowahi kuanza, walimfuta mara mbili. Na msiwacheke, kwa sababu Gostawa nzima ni hivyo. Muulize mtu yeyote wa majukwaa yetu rangi ya soksi za mwendeshaji wetu mashuhuri, atakutajia. Muulize nani anasimama mbele ya utepe kila mbio, kila Jumapili, mita chache kutoka kwenye pua yake. Atakuuliza: kuna mtu pale?

Basi kazi ikaanza, na viazi vikapoa baada ya yote. Bogna akamrudisha Hieronim kwa sauti yake halisi, akampa miguu ya kupita mbele ya waendeshaji, mikono ya kutandaza, na amri moja ambayo waendeshaji wa kompyuta hawakuweza kuikaidi: akikutazama na kunyoosha mikono, unaacha kuchimba na kutulia. Gracjan akachora koti la njano. Tatizo likawa uso. Picha zote zenye Hieronim zilikuwa zimepakwa rangi na Gracjan mwenyewe kwa ustadi mkubwa, na Hieronim wa kweli alikuwa amekwenda kwa binti yake hadi Jumapili.

Gracjan akainua macho, akamtazama Bronka aliyekuwa akikusanya sahani kwa hasira.

"Shangazi, hebu simama hapo kwenye mwanga. Nyoosha mikono kama ulivyofanya."

"Mtanitia ndani ya huo upuuzi wenu?"

"Kidogo tu."

"Basi nipe nywele nzuri," alisema Bronka, na akasimama.

Ikawa hivyo: msimamizi wa mstari mwenye koti la njano, sauti ya mwanamume aliyekauka koo, na uso wa Shangazi Bronka. Akatembea mbele ya wale watatu. Akatandaza mikono. Wa nyekundu akaacha. Wa bluu akaacha. Wa njano, yule mchimbaji wa wachimbaji, akanyanyua kichwa kwa mara ya kwanza tangu aumbwe. Utepe ukapanda. Bogna na Gracjan wakakumbatiana, Gostawa na Rudnica, kitu ambacho nisingekiandika kama kisingekuwa kweli.

"Mjomba, njoo ujaribu."

"Hapana," Zenon alisema, na uso wake haukuwa wa utani. "Nikiondoka safi hapa juu ya matairi, nitakuwa nimeutumia mwanzo wangu. Nauhifadhi."

Jumapili ikafika, na jua likafika nayo, na Rudnica wakafika kwa mabasi. Walikuwa wamesikia. Watu hawa, ambao fikra hawanazo ila kwa uovu, walikuja na karatasi za chooni, wakazivaa shingoni mamia kwa mamia, jukwaa zima la wageni likapepea. "Zenek, leta mkasi!" waliimba. "Zenek, funga zawadi!" Na watu wetu wenyewe, naona haya kusema, walicheka.

Meza ikabebwa hadi katikati ya uwanja ikiwa na usukani wake juu. Zenon akatoka amevaa koti lake la ngozi la zamani, ambalo kwa mbele lilikuwa limekataa kufunga. Hakupunga mkono. Bogna akasimama nyuma yake, na mimi kutoka kona ya pili niliona mikono ya Bogna imeshikana mgongoni kama ya mtoto anayesubiri kuadhibiwa.

Skrini ikawaka. Uwanja wetu ukaonekana ndani ya uwanja wetu, mpaka mabango na mawingu, na watu wakasema "aaa." Pikipiki nne zikaja mstarini, Zenon kwenye kofia nyeupe. Wakachimba. Wakachunguliana. Kisha yule msimamizi akatembea akatokea mbele, mkubwa kama jengo la posta, na Bronka, aliyekuwa ameketi safu mbele yangu, akasema kwa sauti ya kutosha jukwaa zima, "Mbona kaninyima nywele!"

"Mbele, mbele!" ilinguruma skrini. Wa nyekundu akatulia. Wa bluu akatulia. Wa njano akatulia.

Wa nyeupe alikuwa anatikisika.

Gurudumu lake la mbele lilisogea kwenye utepe kidogo kidogo, kama siku ile, na karatasi za chooni zikaacha kupepea kwa sababu hata Rudnica walikuwa wamesimama tuli. Mkono wa mzee ulikuwa unatetemeka kwenye klachi. Skrini haikuficha kitu, Bogna alikuwa ametengeneza klachi ya kweli mno. Unywele mmoja tena na angeugusa. Nilitaka kufumba macho. Na pale msimamizi akageuka, koti la njano lote likageuka, akamtazama yeye peke yake kwa uso wa mwanamke aliyemwamuru kuacha bolti kila siku tangu harusi yao, akanyoosha mikono.

"Tulia! Tulia, nimesema!"

Zenon akarudi nyuma, akatulia.

Utepe ukapanda.

Ulipanda kama kitu chepesi kabisa, kama haujawahi kuwa na neno na mtu, na chini yake wale watatu wakachomoka kwa ngurumo. Zenon hakuchomoka. Alibaki pale anautazama utepe ulivyo juu, akahakikisha kwamba ni kweli uko juu, na ndipo akaachia klachi. Kufika kona ya kwanza wenzake walikuwa kona ya pili. Aliendesha mizunguko yote minne nyuma yao, akila udongo wao, akipinda vizuri lakini kizee, na alipovuka mstari wa mwisho, yule wa nyekundu alikuwa ameshapunga mikono na kuondoka.

Mtangazaji akashuka na kipaza sauti, maskini, hakujua aweke uso gani.

"Bwana Zenon… umekuwa wa mwisho. Unasemaje?"

"Nimekuwa wa mwisho!" Zenon alikinyakua kile kipaza sauti. Machozi yalikuwa yanamshuka waziwazi, mbele ya Rudnica na mbele ya Mungu. "Mmesikia? Wa mwisho! Nimemaliza wa mwisho!"

Na hapo, wasikilizaji wangu, kikatokea kitu ambacho hakikupangwa na mtu. Sisi watu wa spidwei tunakwenda uwanjani na kalamu. Kila mbio tunaandika matokeo kwa mkono kwenye ratiba, hata kama yameandikwa skrini, hata kama mvua inanyesha, kwani tusipoandika tunahisi hatukuona. Aliyegusa utepe ana herufi yake ya aibu, T, ambayo kwa Kipolandi ndiyo inayoanza neno utepe. Aliyeondoka vizuri akamaliza wa mwisho ana alama yake, ya mtu aliyeshindana kwa haki ila hakupata pointi. Mzee Walenty, jirani yangu, ambaye siku ile ya zamani alikuwa amekaa kiti hikihiki, alikuwa ameinamia ratiba yake, na kwa kuwa hapakuwa na mstari wa mbio za kompyuta, alichora mmoja pembeni kwa kutumia ukingo wa pakiti ya alizeti.

"Ratajczak ni mpwa," alijisemea. "Yeye ni Zenon Kubacki." Akaliandika jina lote. Akanitazama. "Naandika nini?"

"Andika ulichoona."

Akaandika sifuri. Aliizungusha polepole, kubwa na nene, akaipitia mara ya pili. Nikageuka, nikaona jukwaa zima limeinama, na ng'ambo ya uwanja, kwenye lile jukwaa la karatasi za chooni, wameinama pia, maana hata mtu wa Rudnica haachi mstari wa matokeo ukiwa wazi. Uwanja mzima ukawa kimya, na kalamu zinatembea.

Kisha sauti ya kwanza ikapanda kutoka kona ya pili, na nakiri ilikuwa yangu, zikafuata nyingine mpaka uwanja wote ukawa unaimba, kwao na kwetu: "Ze-nek Si-fu-ri! Ze-nek Si-fu-ri!" Naye alisimama katikati ya duara lile la udongo, koti halifungi, akainua mikono yote miwili, akalipokea jina lake jipya.